Pikapu ya Kapteni Iliyokunywa Mafuta

Vijana wa gereji walipoagana nami mwezi uliopita walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Kisha yule mwenzenu wa pampu za dizeli akanivuta kando. "Mzee Barasa, utuandikie. Si mambo ya vyeo. Mambo ya kazi."

Basi naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofanyia kazi. Najua kwa wengi wenu hapa Mbale ni lugha ambayo wazazi wenu waliisikia wakiamriwa na askari walale chini. Mimi nilivuka nayo kutoka Bungoma kabla ya hayo, ilipokuwa bado lugha ya kuombea spana.

Nilianzia Jinja, katika gereji ya Mhindi mmoja aliyeitwa Kanjibhai. Siku ya kwanza alinipa karai la mafuta ya taa na rundo la vyuma vichafu, akaenda zake. Nilisugua mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Jioni alirudi, akaokota chuma kimoja, akakiangalia juani, akakirudisha kwenye karai bila neno. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeajiriwa. Angekuwa ananifukuza, angesema.

Kanjibhai hakupenda kufungua boneti. Kwake boneti ilikuwa mlango wa mwisho. Mtu akija kulalamika kwamba gari linakunywa mafuta, alimkalisha kwenye benchi na kumuuliza kama daktari: unakwenda wapi, unabeba nini, unajaza wapi, lini ulianza kuona tofauti. Baada ya hapo alimwambia azunguke nalo mjini kidogo, na likirudi anashika magurudumu yote kwa kiganja. Gurudumu lililo moto kuliko wenzake lina breki inayokwama, na injini inalisukuma hilo gurudumu kama mtu anayesukuma ng'ombe mkaidi. Halafu alitoa plagi. Plagi nyeusi yenye masizi, gari linashiba kupita kiasi. Nyeupe, lina njaa. Rangi ya udongo wa tofali, liache.

Akibaki na shaka, alifunga chupa. Hili nawaomba mlishike, maana siku hizi mnaunganisha kompyuta na kuiamini kama sheikh. Unakata njia ya tangi, unaning'iniza chupa ya petroli pembeni ya injini, unaunganisha mpira wake na kabureta, unaendesha mpaka chupa iishe. Unahesabu mawe ya maili barabarani. Usitazame spidomita, kwa sababu spidomita ya gari la zamani ni mzee anayesimulia ujana wake.

Jumapili nilizoea kutembea hadi Wanyange kutazama wavuvi wakianika samaki. Sikuwa na ndugu Jinja, na kwa muda mrefu Kanjibhai ndiye mtu pekee aliyejua kama nimeamka mgonjwa. Hakuuliza. Aliweka tu kikombe cha chai ya tangawizi juu ya bati la betri, akapita.

Amri ya Wahindi wote kuondoka nchini ilipotolewa, wengi walifunga maduka mapema. Yeye alifanya kazi mpaka siku yake ya mwisho. Mchana ule nilikuwa chini ya gari la mwalimu mmoja, nafunga breki za nyuma. Aliinama akanishika kifundo cha mkono, maana kiganja kilikuwa kimejaa grisi.

"Barasa. Hiyo breki maliza."

"Ndiyo, Bwana."

Nikaimaliza. Nilipotoka chini ya gari hakuwepo. Chombo chake cha kupimia nafasi za plagi kilikuwa juu ya kisanduku changu cha spana, kimefutwa vizuri. Sikupata habari zake tena, wala sikujua ni nchi gani iliyompokea.

Gereji alipewa mtu mwema sana ambaye alidhani kabureta ni sehemu ya redio. Nilikaa naye mpaka vifaa vilipoisha kuuzwa, nikahamia Mbale na mke wangu Nekesa na watoto. Nilipata kazi katika gereji iliyotazama mwamba wa Wanale, tukapanga chumba mtaa wa Namatala. Huko lugha ya watu ilikaribiana na Kibukusu chetu, nikadhani upweke umekwisha. Lakini baadaye Wakenya tulianza kusumbuliwa. Mtu akisikia unavyosema neno fulani, anakuuliza kipande chako cha utambulisho. Nekesa akachukua watoto, akarudi Bungoma. Nilimwambia nitafuata nikimaliza magari yaliyokuwa mkononi. Nyie mnajua kazi hii: magari hayaishi. Mpaka wa Kenya ukawa mgumu, na nilipokuja kuvuka kuwaona, mtoto mdogo alimwita mama yake nje akasema kuna mgeni.

Mafundi wenzangu nao walipungua. Wawili walivuka kwenda Kenya. Mmoja alichukuliwa na gari lisilo na namba, na bosi wetu akaacha kuja kazini, akawa ananitumia ujumbe kupitia mwenye duka la jirani. Nikabaki peke yangu katika gereji yenye mashimo manne ya kuingilia chini ya magari. Nilikuwa nikiongea na injini. Siyo ugonjwa, vijana. Ugonjwa ni pale inapojibu.

Ndipo ikaletwa pikapu.

Ilikuwa ya Kifaransa, kuukuu, gia kwenye usukani, rangi ya maziwa yaliyochacha. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mhindi mwenye duka la jumla. Duka na pikapu vilikuwa vimegawiwa Kapteni mmoja wa kambi ya hapa. Watu kama yeye, walionenepa kwa mali ya Wahindi, tuliwaita mafuta mingi, kwa sauti ya chini. Kapteni alikuwa ananunua samaki wakavu kutoka ziwani, pikapu inawapandisha vijiji vya Wanale na kurudi na ndizi.

Kapteni alikuja mwenyewe. Pikapu iliendeshwa na mzee mmoja Mnubi, Ramadhani, mtu wa kuzaliwa Mbale, ambaye babu yake aliletwa nchi hii kama askari wa Waingereza. Nyuma, juu ya magunia, alikaa koplo na bunduki. Nilimtazama Ramadhani akishuka. Hakuwa na viatu. Mtu mzima, kanzu safi, kofia ya kufuma, miguu mitupu. Miaka ile kila mtu alijua kwamba wanaovuliwa viatu ni wale wasiorudi.

"Fundi," Kapteni alisema, "hii gari inakunywa mafuta mingi. Mimi naijaza kambini, tangi mpaka mdomo. Inapanda Wanale, inarudi, inalia njaa. Mafundi ya kambi wameangalia. Wanasema gari iko mzima."

"Ndiyo, Afande."

"Dereva anasema yeye hauzi mafuta. Sasa wewe tafuta ugonjwa. Kama gari iko mzima, basi dereva ndiyo mgonjwa. Na mimi niko na dawa ya dereva." Alitabasamu kama mtu aliyesema jambo la kawaida. "Kesho nataka jibu."

Petroli wakati ule ilikuwa haipatikani ila kwa kibali, na aliyeuza ya mwanajeshi hakupelekwa mahakamani. Kapteni aliondoka kwa gari jingine. Koplo akabaki, akajilaza kwenye kivuli cha ukuta.

Nilianza kama nilivyofundishwa. Tukazunguka mjini, nikashika magurudumu: yote sawa. Nikatoa plagi: rangi ya tofali, zote. Chujio la hewa lilikuwa safi, choki ilifunguka vizuri, klachi haikuteleza. Nikalala chini nikaangalia tangi na mpira wa mafuta, kavu. Nikafunga chupa, tukaenda barabara ya mji wa Kumi, tambarare, Ramadhani akiendesha kwa miguu yake mitupu kwenye pedali, koplo akisinzia nyuma. Nilihesabu mawe ya maili nikiomba chupa iishe haraka. Haikuisha haraka. Pikapu ile ilikwenda vizuri kuliko nyingi nilizowahi kupima.

Chupa ilipoisha, injini ikazima. Kulikuwa na mtama pande zote na upepo.

"Imekwenda mbali, eh?" akauliza Ramadhani.

"Imekwenda mbali, mzee."

Alielewa. Hakunitazama. "Fundi, nikikuambia siuzi, utaamini?"

Sikujua. Mtu mwenye wajukuu na mshahara wa dereva, katika mji usio na sukari, angeweza kuuza. Ningekuwa mimi, sijui. Nilifikiria kuvunja kitu ndani ya kabureta nikamwonyeshe Kapteni. Lakini mafundi wa kambi walikuwa wameshaifungua kabureta hiyo, wangelijua jeraha jipya, na tungekuwa wawili bila viatu.

Tulirudi gereji. Nikamkalisha kwenye benchi, nikaanza upya tangu mwanzo, kwa kuuliza. Unajaza wapi? Kambini. Kiasi gani? Mpaka mdomo, Kapteni anataka hivyo. Ukishajaza, unakwenda wapi? Napakia samaki, moja kwa moja napanda Wanale. Imekuwa hivi siku zote?

Akafikiri. "Hapana. Wakati ule mafuta ilikuwa haba kambini, walikuwa wananipa nusu tangi. Ile wakati haikusumbua."

"Nusu tangi, ukipanda mlima ule ule?"

"Mlima ile ile. Na samaki ile ile."

Nilisimama, nikaenda kunawa mikono. Injini ikishiba vibaya, haijali tangi limejaa au nusu. Na chupa niliyofunga ilisema ukweli wa injini peke yake. Tangi sikuwa nimelihoji. Nililiangalia likiwa na mafuta kidogo, gari likiwa tupu, mahali pa tambarare. Mafundi wa kambi walifanya vivyo hivyo.

Kulihoji kulitaka tangi lijazwe. Yaani niende kambini, kwa mtu anayetafuta mwizi wa petroli, nikamwombe petroli.

Koplo alinipeleka. Kapteni alikuwa anakula. Nilibaki nimesimama.

"Afande, ninaomba pikapu ijazwe mpaka mdomo. Na ipakiwe. Nataka kupanda nayo Wanale."

Aliacha kutafuna. "Sasa na wewe unataka petroli yangu?"

"Mbele ya koplo, Afande. Asiondoke."

"Na kama hupati kitu?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache. "Basi wagonjwa watakuwa wawili."

Akacheka. Akaniambia mimi ni Mkenya mjinga, akaandika kibali.

Asubuhi tulipanda. Samaki walikuwa wamepangwa hadi juu, harufu yao ilikuwa kama kitambaa kilichofungwa usoni. Springi za nyuma zililala. Barabara ya Wanale miaka ile ilikuwa udongo na mawe, na pale inapoanza kusimama wima, Ramadhani alitia gia ya kwanza, pikapu ikatambaa. Nikaruka chini, nikatembea nyuma yake. Koplo juu ya magunia alinitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu.

Mwanzoni sikuona kitu ila vumbi. Kisha kwenye vumbi nikaona doa dogo jeusi, kama tone la kwanza la mvua. Mbele yake jingine. Nikainama, nikalishika, nikanusa kidole. Petroli. Nilipoinua kichwa, matone yalikuwa yameungana kuwa uzi, na uzi ulitoka chini ya bodi, upande wa mdomo wa kujazia. Na juu yake koplo alikuwa ameweka sigara mdomoni na anakwaruza kiberiti.

"Afande! Zima! Zima hiyo!"

Koplo alikuwa mtu asiyezoea kuamriwa na raia. Alishika bunduki kwanza. Nikamwonyesha kidole changu, nikamwonyesha ardhi. Alichungulia, na nadhani hajawahi kushuka gari haraka vile. Kiberiti alikitupa bondeni, sanduku zima. Ramadhani alisimamisha, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaja kuchuchumaa kando yangu. Wote watatu tuliangalia petroli ya Kapteni ikitiririka kama ng'ombe anayekojoa.

Ulikuwa mpira mfupi unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Gari likiwa tupu, mpasuko unajifunga. Likipakiwa, bodi inakandamiza mpira na mpasuko unafunguka. Likipanda na tangi limejaa, mafuta yanarudi nyuma na kusimama ndani ya mpira huo. Yakishapungua, kuvuja kunakoma, na gari linafika juu likiwa kavu kwa chini. Harufu ingemwambia dereva yeyote, lakini dereva huyu alikuwa anabeba samaki.

Nikaukata mpira, tukampelekea Kapteni. Niliukunja mbele yake, mpasuko ukafunguka kama mdomo. Aliukunja mwenyewe, mara kadhaa.

"Uliona?" akamwuliza koplo.

"Niliona, Afande. Ilikuwa inamwaga. Kidogo tuungue."

Kapteni akautupa mezani. "Basi tengeneza."

Hilo tu. Hakumtazama Ramadhani. Koplo ndiye aliyeingia stoo na kutoka na viatu vya mzee, vya ngozi, vilivyokunjamana, akaviweka chini kwenye veranda. Ramadhani alivivaa akiwa amesimama, mkono mmoja begani kwangu, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Alichukua muda mrefu.

Nilitafuta mpira mwingine kwenye magari yaliyokufa nyuma ya gereji. Msiweke mpira wa rejeta mahali pa petroli, unayeyuka. Nilipata mmoja mzuri, nikaufunga kwa waya, na pikapu haikulalamika tena.

Baada ya hapo Ramadhani alizoea kupita mchana. Alikaa kwenye benchi, nikiwa chini ya gari. Hatukuwa watu wa maneno. Aliniuliza mara moja kuhusu watoto wangu, nikamwambia wako Bungoma, hakurudia. Lakini tangu siku hiyo alikuja na kisra, ule mkate wao mwembamba kama karatasi, na mboga aliyopika mkewe, amefunika kwa sahani. Mwezi wa mfungo alileta jua likizama, akafungua swaumu yake hapo hapo gereji, mimi na yeye, kati ya matairi. Sikumwambia kwamba siku ambazo hakuja nilisahau kula.

Vita vilipokaribia kutoka kusini, kambi ilianza kumwagika. Kapteni alitoweka na gari zuri zaidi. Wakubwa walipoondoka, hasira ya mji ikawageukia Wanubi, kana kwamba kila aliyevaa kofia ya kufuma aliwahi kushika bunduki. Nyumba zao zikaanza kuonyeshwa vidole, kisha mawe.

Ramadhani alikuja adhuhuri na pikapu. Mkewe alikuwa mbele, binti yao na wajukuu nyuma juu ya magodoro.

"Fundi, niangalizie gari. Nakwenda kwa ndugu yangu, Arua."

"Kwa nini usivuke Kenya? Ni karibu."

"Mkwe wangu alijaribu jana. Vizuizi njia yote. Walimrudisha na damu." Alishika usukani kana kwamba unataka kuanguka. "Wanasema nirudi kwetu. Mimi nilitahiriwa hapa Mbale. Kwetu wapi?"

Nikafungua boneti. Hakukuwa na petroli ya kununua mji mzima. Nilinyonya kwa mpira matangi yote ya magari yaliyokuwa gereji, mpaka mdomo ukawasha. Nilijaza upepo magurudumu yakawa magumu kama ubao. Nilipunguza mafuta kwenye kabureta mpaka injini ikaanza kukohoa, nikarudisha kidogo tu. Nikatoa mlango wa nyuma wa bodi, gurudumu la akiba, kila chuma kilichokuwa mzigo. Sijawahi kulitengeneza gari kwa bidii vile, wala baadaye.

"Itafika wapi?" akauliza.

Maswali mengine mtu angependa asijue majibu yake. Mimi nilijua uzito wa pikapu ile, nilijua kiu yake, nilijua barabara.

"Ukienda polepole, usisimame, ukizima injini kwenye mteremko, utapita Soroti. Itazimika karibu na Dokolo, hata nusu ya njia bado."

"Na baada ya Dokolo?"

"Sijui, mzee."

Alitikisa kichwa. "Dokolo pia kuna watu." Akanipa mkono. Wangu ulikuwa na grisi, hakujali. Binti yake alinirudishia sahani yangu niliyokuwa nimesahau kwao. Wakaondoka, nikasikiliza injini mpaka barabara ya Kumi ilipoimeza. Ilikuwa inalia vizuri.

Mengine mnayajua, maana wengine wenu mlianza kazi nami muda si mrefu baada ya hapo. Ninyi mlikuja, gereji ikajaa kelele, mkaniona mtu mkimya mkadhani ndivyo nilivyozaliwa. Nekesa alishazoea kuishi bila mimi. Tuliheshimiana kwa mbali mpaka alipofariki.

Mara moja tu nilitumwa Lira kutengeneza basi lililoharibika. Njiani nilimwomba dereva wa basi nililopanda asimame Dokolo. Alidhani nina haja ya kwenda porini. Nilitembea kando ya lami nikitazama majanini, nyuma ya maduka, chini ya miti. Magari yaliyoachwa wakati wa vita yalikuwapo, mifupa mitupu, mbuzi wakipanda juu yake. Niliyakagua yote. Hakuna lililokuwa la Kifaransa. Labda alipata mafuta mahali, akavuka. Labda walivua kila kitu mpaka hakukubaki cha kutambua. Fundi akikosa kitu mara nyingine ni kwa sababu hakipo, na mara nyingine ni kwa sababu ametazama mahali pa tambarare.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi alikuwa ananiangalia tangu mwanzo. Akaniita kwa Kiswahili cha kuvunjika.

"Mzee, unatafuta nini?"

"Gari."

"Gari ya nani?"

Nilikaribia kusema ya Kapteni, kama tulivyozoea kuiita. "Ya rafiki yangu," nikasema. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo juu yake, wala mbele yake. Mama akaniangalia vizuri, akasogeza kapu lake ili nipate pa kukaa, na dereva wa basi alipopiga honi sikusimama mara moja.